Gari Tulilolichuma Kama Mkarafuu

Kosa ni langu! Naanza na hilo mapema, kabla hamjapata nafasi ya kunihurumia, maana najijua: nikiachiwa kalamu nitazunguka weee, mpaka nionekane mimi ndiye niliyedhulumiwa. Sikudhulumiwa. Nilimdanganya dada yangu wa tumbo moja, kwa maneno mawili tu, na maneno hayo yamemkosesha mikarafuu aliyoachiwa na marehemu mama yetu.

Jina sitaji. Watu wa kijijini kwetu Pujini wakisoma watanijua, na majirani zangu wa hapa mjini, Tibirinzi, watanishuku, na hao wote nimewasamehe. Nyinyi wengine niiteni Bwana Gawio. Ndilo jina nililopewa na watu, na mwanzo nililipenda. Wallahi, nililipenda!

Mimi ni karani. Nafanya kazi Chake Chake, kwa tajiri mmoja anayenunua karafuu, na kazi yangu ni kusimama kwenye mizani gunia likipimwa. Nimesoma skuli mpaka darasa la nane. Sasa kwetu Pujini, mtu wa darasa la nane hata akikohoa watu husubiri awafasirie kikohozi. Hapo ndipo maradhi yangu yalipoanzia. Nikiulizwa jambo, nalijua silijui, lazima nijibu. Mke wangu Raya husema mimi nikiulizwa njia ya kwenda Makka kwa miguu nitamwelekeza mtu vizuri kabisa, na nitamwambia akifika njia panda aingie nyumba gani akaombe maji.

Basi watu wa Pujini walikuwa wamechoka na miguu. Kuja mjini na ndizi, na mihogo, na kuku, ilikuwa ni kungojea gari la watu wengine, nalo hupita likipenda. Karafuu zilikuwa zimelipa kidogo, watu wana vijisenti. Likaja wazo: tununue gari letu wenyewe la abiria, kila mtu aweke hisa zake. Wazo halikuwa langu, na lilikuwa wazo zuri. Nalisema hilo kwa sababu siku hizi wapo wanaosema gari lile lilikuwa na mkosi. Gari halikuwa na mkosi. Mkosi ulikuwa mimi, nimevaa kofia na kanzu.

Kabla watu hawajatoa pesa zao, akaja bwana mmoja wa mambo ya ushirika kutufundisha maneno ya biashara. Tukakusanyika kwenye banda la skuli. Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, kimenyooka, na watu wakawa wanafahamu kila neno lakini maneno yakikaa pamoja hawafahamu kitu. Mtaji, mapato, gharama, faida, gawio. Mwisho wazee wakageuka kunitazama.

"Karani, hebu tufafanulie weye. Bwana huyu kasema kweli tupu, lakini imetupita juu."

Nikasimama. Nikaweka kofia sawa.

"Mtaji," nikasema, "ni mkarafuu. Ni mti wenyewe. Faida ni karafuu unazozichuma. Hisa ni sehemu yako katika mti ule: huna tawi lako wala huna jani lako, ila una sehemu katika mti mzima, ukizaa umezaa kwako, ukikauka umekauka kwako. Na gawio ni pale karafuu zimeshauzwa, kila mtu akapewa chake kwa kadiri ya hisa zake."

Makofi! Mzee mmoja akapiga goti lake akasema, "Ala! Kumbe mambo yenyewe ndo haya haya yetu!" Nikaona nimeota mbawa.

Yule bwana wa ushirika akanyanyua kidole. Akasema mfano wa karani ni mzuri, ila una upungufu. Mkarafuu ukiuchuma leo, mwakani upo, na mjukuu wako ataukuta. Gari kila safari linajila lenyewe. Mipira ya magurudumu inalika, springi zinachoka, injini inazeeka. Nauli yote mnayokusanya si faida, hayo ni mapato tu. Toeni kwanza mafuta, na mshahara wa dereva, na matengenezo. Halafu wekeni kando fungu la uchakavu, ili siku gari likifa pawe na pesa ya kununulia jengine. Kitakachobaki baada ya hapo ndiyo faida, na gawio hutoka humo. Mkigawana kabla ya hapo, akasema, mtakuwa mnagawana mtaji wenu wenyewe huku mnachekelea.

Nilifahamu! Hapa ndipo lilipo ungamo langu, kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Ningekuwa sikufahamu ningekuwa mjinga tu, na ujinga una dawa yake. Mimi nilifahamu neno kwa neno. Watu wakanigeukia tena niwafafanulie. Lakini laasiri imekaribia, watu wamefurahi, na mfano wangu mzuri unaharibiwa mbele ya macho yangu. Nikasema, "Bwana anasema gari litunzwe vizuri." Nikakaa kitako.

Gari litunzwe vizuri! Maelezo yote yale nikayakunja nikayafanya hayo.

Sasa nikwambieni habari za dada yangu, Bi Mize. Ni mkubwa wangu, mjane, anakaa Pujini kwenye nyumba ya wazee. Mama alipofariki mimi nilikuwa mdogo, na Bi Mize ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa kuuza kuku na mayai. Urithi aliopata ni mikarafuu minane iliyo kando ya njia ya kisimani. Mimi sehemu yangu niliiuza zamani, nikaoa. Yeye yake aliishika. Mama aliipanda kwa mkono wake, akiimwagia maji ya kichwani kutoka kisima kile kile, na Bi Mize akiipalilia kama anayetandika kitanda cha mtu mgonjwa. Kwenye gari alianza na hisa chache tu, alizozipata kwa kuuza kekee zake za fedha alizokuwa akivaa mikononi.

"Mikarafuu siigusi," alinambia. "Hiyo ya mama."

Gari likanunuliwa. Si jipya, lakini tulilipaka rangi ya kijani na bodi ya mbao tukaitia nakshi. Tukaliita Tawakali, na kwa kweli tulitawakali, maana hata mafuta ya injini tulimwachia Mungu. Dereva alikuwa Kombo, mtu wa maneno machache na masharubu mengi. Mimi wakanifanya mweka hazina. Mnashangaa? Nani mwengine angefanywa, na aliyejua maneno yote ni mimi?

Msimu wa kwanza, lahaula, gari lilijaa mpaka watu wanakaa juu ya magunia. Asubuhi Chake, mchana Wete, siku ya pili Konde. Maharusi walibebwa humo, na mbuzi wa harusi wakabebwa humo humo. Sanduku la pesa likawa zito, na mimi nikawa nalitikisa kila jioni kabla ya kulala, Raya akinitazama.

"Unalisikiliza n'nini, bwana? Linakwambia kitu?"

Lilikuwa linaniambia, ila sikutaka kusikia.

Nyinyi msiojua mambo yetu ya karafuu, desturi yetu ni hii: karafuu zikiuzwa, pesa hugawiwa. Mchumaji anapewa chake jioni ile ile, na warithi wanagawana msimu ukiisha. Hakuna mtu anayeuambia mkarafuu, "Subiri, na wewe nakuwekea fungu lako." Utaupalilia, basi, na Mungu atafanya yaliyobaki. Kwa hivyo msimu ulipoisha watu wakaja nyumbani kwangu Tibirinzi, wamevaa vizuri, wanacheka.

"Masalkheri, Bwana Gawio! Lini tunachuma?"

Kila mtu alisema "kuchuma", na mimi ndiye niliyewafundisha. Ningewaambia subirini, kwanza tutoe ya mipira, kwanza tuweke ya uchakavu, wangekwenda zao wamenuna. Na mimi sijui kuishi na watu walionuna. Nikawaambia, "Ijumaa, Inshaallah."

Kombo akanifuata siku ya pili yake.

"Karani, mipira ya nyuma imekwisha, hiyo kipara. Na gia ya pili yanung'unika. Tutengeneze kabla ya masika."

"Kombo, wewe shika usukani. Mambo ya hesabu niachie mwenyewe."

Akavuta masharubu yake, akaenda zake. Laiti siku ile angenitia kofi! Lakini alikuwa mtu wa adabu.

Ijumaa ikafika. Tukafanya sherehe hasa, Pujini nzima inanukia pilau, na halua ikaagizwa Wete. Gharama ya pilau na halua niliitoa wapi? Humo humo kwenye mapato, mimi mwenyewe, kwa mkono huu huu. Nikakaa mezani na kanzu iliyopigwa pasi, nikawa naita watu mmoja mmoja, na kila aliyepokea anashangiliwa. Vigelegele vya wanawake vikitoka uani, mimi najiona naoa mara ya pili.

Bi Mize hakuja alipoitwa. Alingoja mpaka watu wakatoka nje kula. Akaja, akapokea pesa zake, akaziweka kwenye pembe ya kanga, lakini hakufunga fundo.

"Nduu yangu, n'na suala."

"Sema, dada."

"Hizi ndo faida, au ni zangu zile zile zanirejea?"

Jamani! Katika mkusanyiko ule wote, hakuna aliyeuliza swali hilo. Na jibu nilikuwa nalo mdomoni. "Zako zile zile, dada. Sijatoa ya matengenezo wala ya uchakavu." Ningelisema kwa pumzi moja. Lakini nje walikuwa bado wanalitaja jina langu, na mmoja anatunga wimbo.

"Faida tupu," nikasema.

"Tupu?"

"Tupu, dada."

Akafunga fundo. Akaweka mkono kichwani kwangu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa nakwenda skuli, akaniombea dua ndefu. Dua ile ndiyo inayoniuma kuliko yote yaliyofuata.

Basi Bi Mize akaenda kupiga hesabu zake. Si mjinga dada yangu, na hesabu yake ilikuwa sawa sawa. Mikarafuu, alisema, mwaka huu inazaa, mwaka wa pili na wa tatu inakutazama tu. Gari linazaa kila siku. Ikiwa faida ya msimu mmoja ni hii, basi aliyekaa na mikarafuu anajichelewesha. Hesabu ilikuwa sawa, ila tarakimu ya kwanza aliipata kwangu, nayo ilikuwa ya uongo.

Mwenzetu mmoja alikuwa anahamia Unguja, akawa anauza hisa zake zote. Bi Mize akazitaka. Akanifuata mjini, akakaa kwenye mkeka, hata maji hajanywa.

"Waonaje nikiuza mikarafuu ya mama?"

Raya alikuwa jikoni. Nikamsikia kaacha kukuna nazi, anasikiliza. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili, na watu wengi hata ya kwanza hawapewi. Lakini ningemwambia asiuze, angeuliza kwa nini. Na nikimwambia kwa nini, itabidi nimwambie na ile ya Ijumaa. Uongo mmoja huwa hauishi peke yake, unataka ndugu. Nikakohoa kikarani.

"Dada, pesa iende inakozaa."

Nikampakia nyuma ya baiskeli yangu nikampeleka mwenyewe kwa mnunuzi, bwana mmoja mwenye duka pale Chake. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Njiani Bi Mize alikuwa anaimba kidogo kidogo mgongoni kwangu. Alisema hajapata kupanda baiskeli tangu alipozaliwa, na kumbe ni raha.

Masika yakaingia.

Mpira mmoja ulipasuka njia ya Konde, na abiria wakatembea na mizigo yao kwenye matope. Ukapasuka wa pili. Halafu ile gia iliyokuwa ikinung'unika ikanyamaza kabisa, na gia ikinyamaza ndiyo ubaya wenyewe. Fundi wa Wete akalitazama gari, akataja bei, na Kombo akaja kunipa habari amelowa chapa chapa.

"Sanduku lina n'nini?"

Nikalitikisa mbele yake. Safari hii halikusema kitu.

Nikaitisha mkutano. Nikajieleza kwa lugha ya juu, ya kwamba sasa wakati umefika wenye hisa wachangie kidogo ili kunusuru mtaji wao. Yule mzee aliyepiga goti lake siku ya kwanza akasimama.

"Hebu karani, nambie. Weye ndo ulotwambia gari ni mkarafuu?"

"Ndio, mzee."

"Basi mkarafuu gani huo ulokuja kumwomba mwenyewe pesa?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka! Ningefanyaje? Hakuchangia mtu. Siku zile, kama mnavyojua, watu walikuwa wakisusiana maduka kwa ajili ya siasa. Sisi Pujini tulikuwa na letu, tulisusiana kwa ajili ya gari, na chama hiki na chama kile walikuwa kitu kimoja katika kunisusa mimi.

Tawakali likavutwa na gari jengine mpaka Pujini, likaachwa nyuma ya nyumba ya Bi Mize kwa sababu pale ardhi ni ngumu. Kisha watu wakaanza kuchukua hisa zao kwa mkono, kama warithi wanaogawana miti. Mmoja kachukua taa, mwengine kachukua ubao wa kukalia. Honi haijulikani iko kwa nani, ila ipo nyumba moja mtoto akilia hupigiwa akanyamaza. Kombo aliuchukua usukani akautundika ukutani kwake, na akiulizwa husema, "Karani alinambia nishike usukani. Ndo huu, n'naushika."

Bi Mize hakuchukua kitu. Ila kuku wake waliingia wenyewe, wakapaona pazuri, wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva.

Sasa yaliyonimaliza ni haya. Mwaka uliofuata ukawa mwaka wa karafuu. Si mwaka wa kawaida, mwaka hasa! Kisiwa kizima kilinukia, majamvi yameanikwa mpaka kwenye baraza za misikiti, skuli zimefungwa watoto wakachume. Mtu mwenye miti miwili alinunua redio. Na mimi nipo kwenye mizani yangu, gunia linaingia, gunia linatoka, jasho linanitiririka.

Wakaja vijana na magunia ya yule bwana mwenye duka. Karafuu nzuri, kavu, nyekundu. Nikatia mkono, nikanusa.

"Za shamba gani hizi?"

"Za Pujini. Ile mikarafuu minane ya njia ya kisimani. Mwaka huu imezaa mpaka matawi yanakatika!"

Nikazipima. Gunia baada ya gunia, karafuu za mama yangu nimezipima mwenyewe na zikaingia ghalani kwa jina la mtu mwengine. Mwenzangu akaniuliza kwa nini natoa machozi. Nikamwambia vumbi la karafuu. Na vumbi la karafuu huwatoa watu machozi kweli, kwa hivyo aliniamini, na huo nao ukawa uongo mwengine.

Ijumaa ile baada ya sala nikapanda baiskeli mpaka Pujini. Nyumbani kwa Bi Mize hapana mtu, ila kuku kwenye gari. Jirani akanionyesha kwa kidevu upande wa kisimani.

Nilimkuta juu ya mkarafuu. Si juu sana, kwenye matawi ya chini wanakochuma wanawake, pakacha limefungwa kiunoni, anavuta tawi kwa kamba na kuvunja vikonyo kwa vidole. Alikuwa kibarua. Analipwa kwa pishi, kama mchumaji yeyote aliyetoka mbali, katika mti aliokuwa akiupalilia tangu ni mwari.

"Dada, shuka."

"Pakacha halijajaa."

Nikabaki chini, shingo juu. Wachumaji wengine wapo kwenye miti ya karibu, na wanawake wanachambua kwenye jamvi. Nilitaka nimwite pembeni, nizungumze naye kwa siri. Halafu nikafikiri: uongo nilimwambia kwa siri, na sifa nikazipokea mbele za watu. Basi leo iwe kinyume.

"Dada! Ile siku ya gawio sikukwambia kweli. Haikuwa faida. Zilikuwa pesa zako mwenyewe zinakurejea. Na mimi nilikuwa najua!"

Wanawake wa kwenye jamvi wakaacha kuchambua. Hata mchumaji mmoja aliyekuwa akiimba juu kabisa alikata wimbo. Bi Mize aliendelea kuchuma. Alimaliza tawi lile, akalivuta jengine.

"Nami nikishuku," akasema.

"Ulishuku?"

"Pesa zilikuwa nyingi mno. Mie nafuga kuku, namjua kuku. Kuku hatagi mayai yote yale mara moja. Nikasema, hapa labda kachinjwa kuku mwenyewe. Ndo nkakuuliza." Akatia vikonyo pakachani. "Nkasema huyu ni nduu yangu, tumenyonya ziwa moja. Akinambia faida, basi ni faida."

Nikavua kofia.

"Dada, nisamehe."

"Kukusamehe, ntakusamehe, sina mwengine mie. Lakini miti hii hakuipanda Mize, kaipanda mama. Msamaha wake weye na Mungu wako." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na ondoka hapo chini. Wazikanyaga karafuu za watu."

Karafuu za watu! Nikarudi Chake nikiivuta baiskeli kwa mkono, sikuweza kuipanda.

Msimu ulipokwisha nilikwenda kumwangukia yule mnunuzi. Mara mbili alinicheka, mara ya tatu akanionea haya, akakubali kuniuzia mkarafuu mmoja tu, kwa bei ya mwaka wa karafuu. Nikauza baiskeli. Nikamwambia Bi Mize achague mti anaoutaka katika minane, nami nilidhani atachagua ule mkubwa wa mwanzo. Akachagua mdogo kuliko wote, ulio karibu kabisa na kisima. Sikumuuliza kwa nini. Siku hizi nakwenda kazini kwa miguu, na Raya anasema nimepungua tumbo, nimekuwa kijana. Kila jambo na kheri yake.

Imebaki saba. Mshahara wa karani mnaujua.

Basi wenzangu, mnaosikia siku hizi hisa, hisa, kila baraza hisa, sikuambieni msinunue. Nunueni! Kitu cha kushirikiana ni kitu kizuri, na Tawakali lingekuwa linatembea mpaka leo. Lakini siku mtakapoitwa kupokea, kabla ya vigelegele, muulizeni mwenye sanduku kama Bi Mize alivyoniuliza mimi. Hii imetoka wapi? Ya matengenezo imeshatolewa? Fungu la uchakavu liko wapi, nilione? Akisema "faida tupu", mwambieni aiseme tena mbele ya dereva. Na gawio likiwa nono kuliko mlivyotarajia, msikimbilie kuuza mti wa mtu yeyote.

Na wewe karani mwenzangu, unayejua maneno wasiyoyajua wenzako, nakusihi. Watakupigia makofi, na makofi ni matamu kuliko halua, nayajua mimi. Waache wanune. Mtu aliyenuna hukunjuka akishafahamu, lakini mkarafuu uliouzwa haurudi kwa kuombwa radhi.

Na Bi Mize hatujagombana, msidhani. Kila Ijumaa, yeyote anayekuja mjini kutoka Pujini hunipitia Tibirinzi na kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani yake mna yai moja, la kuku wa kwenye kiti cha dereva. Raya hulikaanga, mimi hulila, na kila Ijumaa hunikwama hapa kooni. Si kwa sababu ya yai. Ni salamu zinazokuja nalo, maneno yale yale, na kila mleta kifurushi huyasema huku amekaza uso asicheke.

"Bi Mize akusalimu. Kasema gawio lako ndo hilo. Na kasema usiwe na wasiwasi, kuku mwenyewe yupo."